Kupika pale ale nyumbani kwa sufuria moja

Bia ya kimea kitupu, isiyoanzia kwenye sharubati ya kimea ya kopo, haihitaji mitungi mitatu ya chuma wala pampu. Sufuria moja ya lita 20, mfuko wa kitambaa, ndoo yenye kifuniko na kipimajoto kinachosema kweli vinatosha kutoa lita 10 za pale ale nzuri, bia ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya hopsi, kwa kazi ya saa tano hivi, ikifuatwa na wiki nne za kusubiri. Usichoweza kukibania ni joto: joto la maji unayolowekea kimea, na joto la ndoo katika siku tatu za kwanza za kuchachuka. Bia nyingi za nyumbani huharibikia hapo, wala si kwa kukosa mtambo. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, nunua kwanza kipimajoto kizuri, kisha barafu.

Aina inayoelezwa hapa ni ile ya Kimarekani, iliyojengwa juu ya hopsi (maua makavu yanayotia bia uchungu na harufu) za aina ya Cascade, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1972. Kampuni ya Sierra Nevada ya Chico, California, ndiyo iliyoipa umaarufu kuanzia 1980. Inamfaa anayeanza kwa sababu lager hutaka nyuzi 10 hadi 12 na wiki nyingi za ubaridi, ilhali hii huchachuka vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 21, na harufu ya hopsi hufunika kasoro ndogondogo.

Kabla ya kuwasha moto, jua sheria ya unapoishi. Kupika kwa kunywa nyumbani na kupika kwa kuuza ni mambo mawili tofauti, na la pili hudai leseni. Pia hii ni bia, si gongo wala chang'aa. Hakuna kukeneka popote, na kimea kilichochachuka kwa njia hii hakileti methanoli ya kudhuru mtu.

Vyombo

Sufuria ya alumini inafaa kabisa. Ikiwa mpya, chemshia maji matupu kwa nusu saa ipate utando wa kijivu, na utando huo usiusugue tena kwa stilwaya.

Mfuko mpe fundi cherehani aushone kwa kitambaa cha pazia jepesi la poliesta, lile la wavu mwembamba. Upana uwe sentimita 55 hadi 60, kina sentimita 65, mishono miwili kila upande, na kamba mdomoni ili uufunge nje ya ukingo wa sufuria. Uwe mpana kuliko sufuria, maana punje zikibanana maji hayazifikii zote. Ufue kwa maji moto bila sabuni ya manukato. Poliesta haiyeyuki kwenye maji yanayochemka, lakini ikigusa kitako cha sufuria wakati moto unawaka itaungua. Tanguliza sahani ya chuma iliyofudikizwa chini, mfuko ukae juu yake.

Kipimajoto kijaribu mara mbili. Kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo kisome 0. Kwenye maji yanayotokota kisome 100 ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, na karibu 94 ukiwa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko. Kikikosea kwa nyuzi mbili, andika kosa hilo juu yake kwa kalamu na ulihesabu kila unapopima.

Unahitaji pia mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, mwiko mrefu uliochongwa alama za lita (mimina maji lita moja moja ndani ya sufuria na uweke alama), mpira safi wa mita moja na nusu, chupa 19 za mililita 500, na ndoo ya lita 15 ya plastiki ya chakula yenye kifuniko kinachobana. Ndoo iliyokuwa na rangi haifai hata ikioshwa mara kumi. Toboa kifuniko tundu moja la kubana mpira mwembamba, na ncha ya pili ya mpira uitumbukize kwenye chupa ya maji: gesi itatoka, hewa haitaingia.

Haidromita, inayopima uzito wa maji ya kimea ukilinganishwa na wa maji matupu, ni chombo kizuri, lakini ukiikosa mizani itakutosha. Chukua chupa ndogo ya soda, weka alama shingoni, ijaze maji hadi kwenye alama na upime uzito wa maji peke yake. Baadaye ijaze maji ya kimea hadi alama ileile, kwenye joto lilelile. Gawanya uzito wa pili kwa ule wa kwanza. Maji yakiwa gramu 500 na ya kimea 525, uzito wako ni 1.050. Kadiri shingo ilivyo nyembamba ndivyo kipimo kinavyokuwa cha uhakika, nacho hakitapotoka zaidi ya 0.002 au 0.003.

Viungo vya lita 10

- Kimea cha shayiri cha pale ale: kilo 2.35
- Kimea cha karameli chenye rangi ya EBC (kipimo cha rangi ya kimea) 100 hadi 120: gramu 200
- Hopsi za Cascade zenye asidi ya alfa (ile inayotia uchungu) asilimia 6: gramu 80, yaani 20 mwanzo wa kuchemsha, 15 zikibaki dakika 10, 25 moto unapozimwa, na 20 ndani ya ndoo
- Hamira kavu ya ale, kama SafAle US-05: gramu 6
- Maji: lita 16.5
- Sukari nyeupe ya kutia kwenye chupa: gramu 57

Uzito wa mwanzo utakuwa karibu 1.050, wa mwisho 1.011, kilevi asilimia 5 na uchungu wa IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 33 hivi. Pakiti ya hopsi ikionyesha alfa tofauti, badilisha zile gramu 20 za mwanzo tu: zidisha 20 kwa 6, gawanya kwa namba ya pakiti. Alfa ya 7.5 itakupa gramu 16. Wa nyanda za juu waongeze. Kwenye nyuzi 94 asidi hizo hubadilika kuwa uchungu kwa kasi ndogo kuliko kwenye 100, kwa hiyo Nairobi tia gramu 26 badala ya 20. Hopsi zinazobaki zifunge bila hewa na uziweke kwenye friza. Zikikaa kabatini kwenye joto la Pwani zitanuka jibini kuukuu.

Kimea nunua kilichokwisha kuvunjwa ikiwezekana. Kikiwa kizima, mashine ya mkono ya kusagia mahindi inafaa: ilegeze hadi kila punje ipasuke vipande vitatu au vinne na ganda libaki linaonekana. Kwa kuwa mfuko ndio chujio, unaweza kusaga laini kidogo kuliko wenye mitambo, nawe utapata sukari zaidi. Usikipeleke kwenye mashine ya kusaga unga wa ugali. Unga mtupu huziba kitambaa, na mfuko ukiuinua haumwagi. Blenda hufanya kazi kwa gramu 200 kila mara, kwa kubonyeza na kuachia.

Anayepika busaa au mbege anakijua kimea vizuri, na huuliza kama ulezi au mtama unaweza kushika nafasi ya shayiri. Kwa njia hii, hapana. Wanga wa nafaka hizo hulainika kwenye joto la juu kuliko wa shayiri, kupita zile nyuzi 67 tutakazotumia, na kimea chake kina upungufu wa kimeng'enya kinachotengeneza sukari ya kuchachuka. Utapata uji mwepesi wenye utamu kidogo. Vivyo hivyo gome la msesewe linalotia uchungu kwenye mbege ya Uchagani lina kipimo chake na wajuzi wake. Usilitie hapa badala ya hopsi kwa kubahatisha, maana mti ule una kemikali zenye nguvu za dawa. Hamira ya mkate nayo itachachusha, lakini haitulii vizuri chini na huacha ladha ya unga. Hamira ya ale ni kitu kidogo chepesi, agiza.

Maji

Klorini ya bomba ikikutana na kimea na hamira hutoa ladha ya dawa ya hospitali, na hakuna namna ya kuiondoa baadaye. Yachemshe maji siku moja kabla na uyaache yapoe wazi, au tia robo ya kidonge cha Campden kwa lita 16.5 na ukoroge. Kidonge huondoa pia kloramini, ambayo kuyaacha maji wazi usiku kucha hakuiondoi.

Maji ya Nairobi yatokayo Ndakaini ni laini na yanafaa bia hii. Ukipata jasi ya daraja la chakula tia gramu 4, uchungu wa hopsi utakuwa mkavu na safi zaidi. Plasta ya ujenzi usiiguse. Maji ya kisima ni habari nyingine. Yale ya chumvi ya Pwani, na yale ya Bonde la Ufa yenye magadi na floridi nyingi, hupandisha pH ya kimea juu ya 5.6, vimeng'enya hulegea na maganda hutoa ukakasi. Kuchemsha hakuondoi chumvi wala floridi. Hapo nunua maji ya chupa kubwa.

Kuloweka kimea

Pasha lita 14 hadi nyuzi 71. Lita 2.5 zilizobaki ziweke kando kwenye chombo kingine. Zima moto, funga mfuko mdomoni mwa sufuria, kisha mwaga kimea polepole huku mwenzako akikoroga. Vunja madonge yote, kwa kuwa donge kavu ndani ni sukari iliyopotea. Joto litashuka hadi karibu 67. Kama kimea kimekaa kwenye chumba cha nyuzi 30, anza na 70.

Pima sehemu tatu, si moja. Hapa ndipo mwili wa bia unapoamuliwa. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyokata wanga: kimoja hukata sukari ndogo ambazo hamira huzila zote, nacho hupenda nyuzi 60 hadi 65 na hufa haraka kikizidishiwa, kingine hukata vipande vikubwa na huvumilia hadi 70 na zaidi. Kwenye 64 bia itakuwa nyepesi na kavu. Kwenye 70 itakuwa nzito, yenye utamu unaobaki. 67 inavipa vyote nafasi. Ukipita 75 mwanzoni umeua vyote viwili, na hakuna subira itakayookoa. Ikizidi 69, tia kikombe cha maji baridi na ukoroge. Ikiwa chini ya 65, washa moto mdogo, inua mfuko usiguse kitako, koroga bila kuacha, na zima nyuzi moja kabla ya kufika unakotaka kwa sababu joto huendelea kupanda.

Ikikaa sawa, hakikisha moto umezimwa kabisa, funika, na uizungushie sufuria mablanketi mawili. Acha dakika 60. Kushuka nyuzi mbili au tatu hakudhuru. Katikati fungua mara moja, koroga, pima, funika. Mwisho weka tone la maji ya kimea kwenye sahani nyeupe na tone la iodini ya duka la dawa kando yake, uyaunganishe. Rangi ikigeuka bluu nyeusi wanga bado upo: ongeza dakika 15. Rangi ikibaki ya iodini, umemaliza, na maji yakionjwa ni matamu kama togwa.

Inua mfuko taratibu, utakuwa na uzito wa kilo nne hadi tano, nao ni wa moto. Fanyeni wawili au ning'iniza kwa kamba imara. Uweke kwenye chekeche juu ya sufuria, mwagia zile lita 2.5 zikiwa na nyuzi 75, kisha kamua kwa kifuniko au glavu nene. Wapo wanaosema kukamua huleta ukakasi. Ukakasi hutoka kwenye maji yenye magadi na yaliyozidi nyuzi 77, si kwenye kukamua, kwa hiyo kamua bila hofu. Machicha wape kuku au ng'ombe siku hiyohiyo kabla hayajachacha.

Unapaswa kuwa na lita 14 hadi 14.5 zenye uzito wa karibu 1.038, zikipimwa zikiwa zimepozwa. Ukipata 1.032, kwa kawaida kimea hakikuvunjwa vya kutosha. Chemsha dakika 20 zaidi kabla ya kutia hopsi, maji yapungue.

Kuchemsha

Jiko la gesi la nyumbani huchukua muda kuchemsha lita 14, hasa likiwa dogo. Jiko la mkaa lina moto mkali wa kutosha lakini halitulizwi haraka, kwa hiyo wengi hupasha maji ya kuloweka kwa gesi na kuchemshia kwa mkaa. Funika hadi ianze kutokota, kisha ondoa kifuniko na usikirudishe. Mvuke unaotoka unabeba kemikali inayonuka mahindi ya kuchemsha. Ukifunika, inadondoka tena ndani.

Dakika za mwanzo povu hupanda ghafla. Simama hapo na kikombe cha maji baridi na upunguze moto. Povu likitulia tia gramu 20 za hopsi na uanze kuhesabu dakika 60. Zikibaki dakika 10 tia gramu 15, pamoja na gramu 2 za mwani mkavu wa Irish moss ukitaka bia iangaze. Kinachofanya kazi ndani yake ni karajinani, ileile ambayo mwani wa Zanzibar hulimwa kwa ajili yake. Zima moto, tia gramu 25, koroga, acha dakika 10.

Kupoza

Tangu sasa kila kinachogusa bia kiwe kimesafishwa na kuuliwa vijidudu. Ni hatua mbili: uchafu unaoonekana uoshwe kwanza, maana dawa haipenyi uchafu. Kisha loweka dakika 20 kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chai cha Jik isiyo na manukato kwa kila lita, na usuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usichanganye Jik na siki wala ndimu, hutoa gesi ya sumu. Ukipata Star San, dawa ya wapika bia ya kuua vijidudu, mililita 1.5 kwa lita inatosha na haisuuzwi.

Weka sufuria iliyofunikwa ndani ya beseni kubwa la maji. Zungusha maji ya nje kwa mkono, yabadilishe yakipata moto, mara mbili au tatu. Ikishuka chini ya nyuzi 40 tia barafu kwenye beseni pamoja na konzi ya chumvi. Lenga nyuzi 20 ndani ya saa moja. Barafu usiitie ndani ya bia.

Pasipo barafu kuna njia ya dumu: maji ya kimea yakiwa bado na moto huingizwa kwenye dumu jipya la plastiki ya HDPE, dumu linafungwa na kulazwa ubavu ili joto liue vijidudu hadi shingoni, na kesho yake bia inahamishiwa ndooni. Dumu lililobeba mafuta ya kula halifai. Hopsi za mwisho zitatoa uchungu zaidi zikikaa kwenye moto hivyo, basi zile za dakika 10 zitie moto unapozimwa, na zile 25 ziongeze kwenye za ndooni. Usipitishe siku moja kabla ya kutia hamira.

Mimina ndooni kutoka juu, itoe povu. Huu ndio wakati pekee hewa inapotakiwa, kwa ajili ya hamira kujenga nguvu. Lita ya mwisho yenye tope la hopsi iache. Pima uzito, andika.

Kuchachuka

Nyunyiza hamira juu, funga, tumbukiza mpira. Pakiti ya gramu 11.5 hutosha lita 20 na zaidi, kwa hiyo nusu inatosha. Iliyobaki hudumu siku saba tu kwenye friji, na kama hupiki wiki hiyo tia yote, haidhuru.

Ndani ya saa 12 hadi 24 mapovu yataanza. Hapo ndoo hujipasha yenyewe na inaweza kuzidi chumba kwa nyuzi tatu hadi tano, kwa hiyo chumba cha 24 kinakupa bia ya 28. Hamira ikichachusha kwenye joto hilo hutoa vilevi vizito vinavyochoma koo na kuumiza kichwa, na harufu ya ndizi mbivu isiyo ya aina hii. Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo, kifunike kwa kitambaa kinene, na usome hapo, si ukutani.

Weka ndoo ndani ya beseni la maji yanayofika nusu yake, ivike taulo ambalo pindo lake limezama majini, na washa feni. Dodoma au Nairobi, kwenye hewa kavu, hili peke yake hushusha nyuzi kadhaa. Mombasa na Dar es Salaam unyevu wa hewa hauruhusu maji kukauka haraka, feni haisaidii sana. Huko tegemea chupa za lita moja na nusu zilizogandishwa, mbili asubuhi na mbili jioni. Siku tatu za kwanza kaa 18 hadi 20. Baada ya siku ya nne acha ipande hadi 21 au 22, ili hamira imalize na kula ile kemikali yenye harufu ya siagi.

Kwa Pwani bila friji ipo njia ambayo tunaiona bora kuliko kupigana na joto: hamira ya kveik aina ya Voss, iliyotunzwa na wapikaji wa mashambani Norwei. Hiyo hufurahia nyuzi 30 hadi 38, humaliza kwa siku tatu hadi tano, na huacha harufu ya chungwa inayokwenda vizuri na Cascade. Nayo inataka joto lisiloshuka, kwa hiyo usiipoze. Poza maji ya kimea hadi 33 tu na uitie.

Povu likishuka, siku ya saba hivi, au siku ya nne kwa kveik, fungua haraka, tia gramu 20 za hopsi, funga, acha siku tatu. Kisha pima uzito. Sampuli itikise kwanza gesi itoke, la sivyo itakudanganya. Rudia baada ya siku mbili au tatu. Namba mbili zinazolingana, kati ya 1.010 na 1.013, ndizo ruhusa ya kutia kwenye chupa. Kunyamaza kwa mapovu si ruhusa.

Chupa

Ukiharakisha hapa chupa hupasuka, na kioo kilichopasuka kwa gesi kinaweza kutoa jicho. Tumia chupa nzito za bia za kahawia na mashine ya mkono ya kubana vizibo. Kahawia ina sababu yake: mwanga wa jua huvunja kemikali za hopsi ndani ya dakika chache na bia hutoa uvundo, na chupa nyeupe au ya kijani haikingi. Bila mashine ya vizibo tumia chupa za plastiki za soda, ambazo zimetengenezwa kwa gesi. Chupa za maji ya kunywa na za juisi hazikutengenezwa hivyo.

Chemsha gramu 57 za sukari kwenye kikombe cha maji, ipoe, imwage kwenye chombo safi, kisha hamishia bia humo kwa mpira bila kuirusha. Jaza mpira maji safi ili uvute. Usivute kwa mdomo, mdomo umejaa bakteria. Kipimo ni gramu 6 kwa lita, na hapa tumehesabu lita 9.5 zinazofika salama. Zikifika 9, tia 54. Acha nafasi ya sentimita tatu shingoni. Jaza na chupa moja ya plastiki hata kama nyingine zote ni za kioo: ikiwa ngumu huwezi kuibonyeza, gesi imeshakuwa tayari.

Acha wiki mbili kwenye nyuzi 20 hadi 25, gizani, ndani ya kasha lenye kifuniko. Halafu friji siku mbili kabla ya kufungua, gesi iyeyuke na tope ligande chini. Mimina mara moja bila kusita na uache kidole kimoja cha mwisho. Harufu ya Cascade hufifia haraka penye joto. Kunywa ndani ya miezi miwili.

Ikiharibika

Ladha chachu inayozidi kila wiki, na chupa zinazofurika zikifunguliwa, ni bakteria, na mara nyingi maficho yao ni mikwaruzo ya ndoo au mpira wa zamani. Vitupe. Chupa zikifurika bila uchachu, ulijaza mapema au sukari ilizidi: zipoze zote mara moja, vaa miwani na glavu, fungua gesi itoke, bana vizibo upya. Chupa isiyo na gesi kabisa baada ya wiki tatu kwa kawaida ilikaa penye baridi au kizibo hakikubana. Ipeleke penye nyuzi 24 na uigeuze juu chini mara moja. Harufu ya tufaha bichi inasema bia ilitolewa ndooni kabla hamira haijamaliza. Ladha ya karatasi iliyolowa ni hewa iliyoingia wakati wa kuhamisha.

Tope jeupe lililobaki ndooni ni hamira hai. Kama bia ilikuwa safi, kusanya mililita 200 kwenye mtungi uliochemshwa, legeza kifuniko gesi itoke, weka kwenye friji, na itumie kwa mpiko unaofuata ndani ya wiki mbili. Hopsi zilizotumika zifukie au uzitupe mbali na mbwa, kwao ni sumu.